Wiki Nne za Kunusa Kuta za Watu

Nilianza kazi ya serikali Jumatatu asubuhi, pale Homa Bay, nikiwa na miaka kumi na sita na kaptura ya shule iliyofuliwa jana yake na haijakauka. Nilistaafu wiki nne baadaye, shule zilipofunguliwa. Najua wazee wanaoandika habari za kazi zao walitumika miaka thelathini, lakini nimewaona wazee hao kazini, na ishirini na tisa kati ya hiyo walikuwa wakinywa chai. Mimi sikupewa chai. Kwa hiyo nyinyi wa kidato cha kwanza, kaeni vizuri, mzee wenu awaeleze kazi ilivyofanywa zamani, yaani Agosti iliyopita, mwaka wa pili wa Uhuru.

Kazi ilikuwa ukalimani. Bwana Afya, yule mkaguzi wa nyumba na vyoo, alikuwa ameletwa kwetu kutoka Mombasa, na Dholuo, lugha yetu, alijua neno moja tu, "ber", yaani vizuri, akilitumia hata pasipokuwa na uzuri wowote. Mkalimani wake wa siku zote alikuwa ameanguka na baiskeli akavunjika mguu. Mwalimu wetu aliulizwa kama anamfahamu kijana anayeweza kusema Kiswahili na Dholuo kutwa nzima bila kuchoka. Alinitaja mimi kabla swali halijaisha, na nadhani hakukusudia kunisifu.

Karani Mkuu wa ofisi alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye kaptura. "Huyu analowesha kiti," alisema.

Bwana Afya alikuja, akagusa kiti, akanusa vidole. Sijawahi kuona mtu mzima akifanya hivyo mbele ya watu. Akasema, "Umeianika ndani ya nyumba. Na nyumba yenyewe mnapika humo humo." Kweli tupu. Siku hiyo nilimwogopa kama mchawi, na kufikia Ijumaa nilikuwa nikinusa vitu mwenyewe.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kisegi, kwa wavuvi. Huko ndiko nilikojifunza taratibu za kazi, nami nawaachia nyinyi. Ukiingia nyumba ya mtu, usianze kusema. Kaa kwanza. Wala usikae kwenye kiti cha mgeni, kaa pale mtoto anapolala, maana hewa ya juu na hewa ya chini si hewa moja, na mtoto anavuta ya chini. Kisha weka kiganja ukutani na uhesabu pole pole hadi ishirini. Ukuta mkavu utakuachia joto lako mwenyewe. Ukuta wenye unyevu unakunyang'anya. Halafu nenda ukanuse pembe, hasa nyuma ya kitanda, ndiko ukungu unakojificha, ule mweusi mweusi kama ndevu za kijana anayejidanganya.

Nilidhani Bwana Afya amekuja kuwacheka watu wa Kisegi na nyumba zao za udongo. Wapi! Alizunguka nyumba moja ya nyasi mara tatu, akipapasa ukuta uliokandikwa na mama mwenye nyumba kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Akaniambia nimweleze yule mama kwamba ukuta wake unakunywa unyevu wakati wa mvua na kuutapika wakati wa jua, na kwamba hata yeye aliyesomea kazi hii hawezi kutengeneza ukuta wa namna hiyo. Nilipotafsiri, mama aliuliza kama bwana huyu anatafuta mke. Sikulitafsiri hilo. Mkalimani naye ana siri za kazi.

Kituo cha pili kilikuwa Ndhiwa, na hapo ndipo nilipokaribia kuharibu kila kitu.

Kulikuwa na mama mmoja, mfanyabiashara wa sokoni, watu wakimwita Min Achieng', yaani mama yake Achieng'. Mwanawe mkubwa, anayefanya kazi Kampala, alikuwa amemjengea nyumba mpya ya saruji na mabati, ya kwanza upande ule. Walihamia mwanzoni mwa mvua. Wiki ya tatu Achieng', mtoto wa miaka saba, akaanza kukohoa, na hakuacha tena. Kifua kililia kama mlango. Ndugu za marehemu mumewe walikuwa wamekata shauri: nyumba imelogwa na wenye wivu, na Jumamosi watakuja na ngazi kuezua mabati yote. Sisi tulifika Jumatano.

Achieng' alikuwa amekaa mlangoni. Aliponiona alicheka, akaninyooshea kidole. "Wewe, masikio yako ni kama..." Kikohozi kikamkamata. Kilimshika muda mrefu hata akasahau kwamba nipo. Mimi hucheka na watu wanaonitukana, hiyo ni ada yangu, lakini tusi lililokatika katikati sikujua nilifanye nini.

Ndani tulikaa kama ilivyo kanuni. Madirisha mawili yalikuwa yamepigiwa misumari kwa kuogopa wezi. Ile nafasi chini ya upenu, juu ya ukuta, ambapo mbao iitwayo mtambaapanya hulala kubeba paa, ilikuwa imezibwa kwa matope na magunia, kwa sababu mwana aliandika kutoka Kampala kwamba nyumba ya kisasa haiwi na matundu. Jiko la makaa lilikuwa linawaka chumbani. Nyuma ya kitanda cha mtoto ukuta ulikuwa na ndevu.

Bwana Afya alifurahi kama mtu aliyeona kitu alichokuwa akikitafuta. Akaniambia, "Mwambie mama nyumba yake haina ugonjwa mwingine. Inataka upepo tu. Afungue, upepo uingie."

Nami, kwa ulimi huu huu ulionipa kazi, nikamwambia Min Achieng' kwamba Bwana Afya anataka yamo iingie nyumbani mwake.

Yamo ni upepo, hapo sikukosea. Lakini mtu aliyekwisha kuambiwa nyumba yake imelogwa, ukimtajia yamo hafikirii majani yanayotikisika. Anafikiria ile inayokuja na maradhi, inayompanda mtu na kumsemesha. Min Achieng' alisimama. Hakupiga kelele. Alichukua mwiko wa ugali, ule mrefu, akasema polepole kwamba alijua kuna mtu aliyetumwa, ila hakujua kwamba serikali nayo imo. Bwana Afya akatabasamu na kumwambia, "Ber."

Tulitoka mbio. Baiskeli yake ilikuwa na mimi nyuma, na mwiko ulikuwa nyuma yangu.

Tulipofika mbali alishuka, akaniuliza nimesema nini hasa. Nikamweleza neno kwa neno. Akauliza yamo ni nini. Nikasema upepo. Akauliza, "Upepo gani?" Nikasema ule wa majani, na pia ule unaompanda mtu.

Nilingoja anifukuze kazi. Badala yake alikaa chini kando ya njia, akavua kofia. "Kwetu pia," alisema, "ukimwambia mtu ana pepo, hafungui dirisha, anaita mganga. Mimi ndiye niliyesema upepo. Ningesema hewa. Hewa mnaiitaje?"

"Muya."

"Basi kesho utakwenda kumwambia mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma yako, lakini kusema utasema wewe."

Nilimwambia kwamba mama yule ana mwiko. Akasema ameuona.

Nimepata wakubwa wengi maishani, walimu, viranja, na mpishi wa shule ambaye anajiona gavana. Wote kosa likitokea hutazama chini kutafuta mtu mdogo wa kulibeba. Huyu alilibeba nusu yake, na nusu nyingine akaniachia ile iliyokuwa yangu kweli. Uzito wake nauhisi mpaka leo.

Alhamisi nilisimama mbele ya Min Achieng', umbali wa mwiko mmoja na nusu. Nikasema, "Mama, jana nilisema yamo. Nilitaka kusema muya. Kosa ni langu, si la Bwana."

Aliuliza, "Unasoma kidato gani?"

"Cha pili, Mama."

"Mwambie mwalimu akurudishe darasa la kwanza." Lakini alisogea mlangoni tukapita.

Bwana Afya alisokota kitambaa kikuukuu kuwa utambi, akauwasha, akapuliza moto ukabaki moshi. Hicho ndicho kilikuwa chombo chake kikuu, wala hakikutoka Ulaya. Alimpa Min Achieng' aushike mwenyewe, pale kitandani. Moshi ulipanda mpaka kimo cha Achieng', ukasimama, kama mgeni asiyeonyeshwa kiti. Hauendi mbele wala nyuma. Min Achieng' aliutazama, kisha akamtazama mtoto wake, kisha moshi tena. Hapakuwa na la kutafsiri.

Nikapandishwa ukutani na panga kubandua matope, kwanza upande wa jua linakochomoza. Moshi ukatikisika tu. "Tundu moja ni mdomo," Bwana Afya alisema kutoka chini. "Ipe nyumba na pua." Nikazibua upande wa pili. Nusu ya matope niliyameza, kwa kuwa nilikuwa nikiongea. Na nilipotazama chini, moshi ulikuwa umeinama, ukageuka, ukapita juu ya kitanda na kutoka nje kama mtu aliyekumbuka kwao.

Min Achieng' alisema, "Nyumba yangu ya nyasi haikumkohoza mtu hata siku moja."

Nilitafsiri. Bwana Afya akajibu kwamba ile ya nyasi ilijua kupumua bila kufundishwa, hii ya saruji lazima ifundishwe. Aliposikia hivyo, mama aling'oa misumari ya dirisha la kwanza kwa panga langu, na la pili hakungoja niteremke vizuri.

Jiko likahamia nje. Kitanda kikaondolewa ukutani. Ukungu ukasuguliwa, chokaa ikapakwa. Jumamosi ndugu walifika na ngazi zao. Nilisikia baadaye kwamba Min Achieng' aliwalisha wakashiba, akawapa majembe, wakachimba mfereji kuzunguka nyumba ili maji ya mvua yasiloweshe msingi. Ngazi walirudi nazo.

Kikohozi hakikuisha siku ile, msidanganyike. Nyumba si dawa ya kunywa mara tatu kwa siku.

Nilistaafu Ijumaa ya mwisho. Hapakuwa na hotuba. Karani Mkuu alikagua kiti kwanza, kisha akanipa mkono. Bwana Afya alinipa kipande cha utambi wake, nami nimekitumia bwenini kwetu, ambako, nawaambia kwa cheo changu cha zamani, moshi ulisimama kabisa. Kama mnataka kujua nani anayefungua madirisha yenu asubuhi na kuwafanya mtetemeke, ni mimi, na sitaacha.

Siku ya kurudi shule nilipita Ndhiwa na sanduku langu kichwani. Achieng' alikuwa dirishani, viwiko vyote viwili nje. Aliponiona alijaza kifua pumzi, nami nikasimama, nikashusha sanduku, nikangoja.

"Wewe," alisema, "masikio yako ni kama madirisha ya kwetu, yote mawili yamefunguliwa na ndani hakuna mtu."

Nilimwomba alirudie tusi hilo, akalirudia lote.