Kwa Penseli Tu

Nilikuwa tarishi wa ofisi, na tarishi haulizwi kitu. Anapewa barua na baiskeli, anaambiwa aende. Watu husahau kwamba naye ana macho. Mimi Cornel niliyaona mambo ya Bi Euphrasia tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa yeye hakuwahi kumwambia mtu, nitayasema mimi. Atakayekasirika na akasirike.

Ofisi yetu ilishughulikia watoto wasio na mtu wa kuwalea, katika mji mdogo kwenye njia ya kwenda Ushirombo. Mabwana ustawi wa jamii walitumwa kutoka mbali, wakakaa mwaka au miwili, wakahamishwa. Aliyebaki siku zote ni Bi Euphrasia, karani wa masjala, na ukweli ni kwamba kazi yote ilikuwa yake. Polisi wakiokota mtoto stendi, walimletea yeye. Masista wakiishiwa maziwa ya unga, walimwandikia yeye. Yeye ndiye aliyejua kaya ipi inaweza kupokea mtoto, katibu kata yupi hujibu barua na yupi huzifungia karanga, na blanketi ngapi zimebaki stoo. Kila mtoto alikuwa na faili lake la kahawia lenye namba. Ukimtajia namba, faili lilikuwa mezani kabla hujavuta kiti.

Alilelewa misheni, akawa mkali wa dini na mkali wa sheria, na mara nyingi hukuweza kujua ni ipi inayokugombeza. Mimi nilimwogopa. Hata hivyo, ukiniuliza ni nani aliyewapenda wale watoto, sitamtaja bwana ustawi hata mmoja.

Mwaka 1972, wakati wa mavuno ya pamba, alikuja mama mmoja aitwaye Anisia na mtoto wa kike wa miaka miwili mgongoni. Mama huyo alikuwa na ukoma. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeshajikunja, na alikuwa anapelekwa kituo cha wagonjwa kilichoko mkoa mwingine. Ndugu zake walikataa hata kumgusa mtoto.

"Anaitwa Epifania," alisema. "Nikipona nitakuja kumchukua. Mwandike vizuri, dada yangu."

"Hapa hakipotei kitu," Bi Euphrasia alimjibu.

Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu, nikiwa mlangoni. Mtoto alipelekwa kwa Mzee Mihayo na mkewe, kijiji cha Busulwa, watu wazima wenye ng'ombe wachache na nyumba isiyo na mtoto. Mzee alipewa barua ya kukabidhiwa yenye mhuri na namba ya faili, akaikunja kama noti na kuitia mfukoni.

Baada ya miezi miwili alirudi, baiskeli yake imefungwa jogoo mwekundu kwa ajili ya ofisi.

"Mayu," alimwambia Bi Euphrasia, kwa heshima ya kumwita mama, "yule mtoto alikuwa analia. Jua likishuka tu, analia mpaka sauti inakauka. Mwezi mzima. Tukaenda kwa mfumu, akapiga ramli, akasema ni bibi yetu mzaa baba, anataka jina lake. Tumempa. Sasa halii, anakula, ananenepa. Nimekuja uliandike."

"Jina lake ni Epifania. Ndivyo alivyobatizwa."

"Ni lake, mayu, hatujamnyang'anya. Ila hakuna anayemwita hivyo tena. Hata yeye ukimwita hivyo haitiki."

"Mzee, serikali haina mababu."

"Basi liandike pembeni. Kwa penseli tu. Anaitwa..."

Bi Euphrasia alilifunga faili kwa kishindo, na mzee akanyamaza katikati ya neno. Akasimama kidogo akilitazama lile jalada. Halafu akatoka, akapanda baiskeli na kuondoka na jogoo wake, nami niliyekwisha kumwona jogoo yule sufuriani nikaumia kwa hilo tu. Nilikuwa mjinga.

Kwetu hakuna asiyejua habari ya mtoto anayelia hivyo. Bi Euphrasia mwenyewe alijua, maana bibi yake alikuwa akiwaita watoto majina ya marehemu kila mwaka. Ndiyo sababu alikataa. Aliogopa bwana ustawi afungue faili, akute mambo ya mizimu ndani yake, acheke.

Mwaka 1974 ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini. Malori yalibeba watu, mapaa yakaezuliwa, na Busulwa ikagawanywa pande tatu. Nilimuuliza Bi Euphrasia tufanyeje na mafaili yaliyoandikwa vijiji ambavyo havipo tena. Alisema tutasubiri orodha mpya kutoka juu. Mpaka leo sijaiona orodha hiyo.

Kisha, mwaka 1976, Anisia alirudi. Amepona, amenenepa, vidole viwili vimebaki vimejikunja, na khanga mpya ya mtoto kwapani. Aliamkia ofisi nzima, hata mimi. Bi Euphrasia alilitoa faili kwa nusu dakika. Akalifungua, akasoma, akarudia kusoma mstari ule ule. Epifania, Busulwa. Jina ambalo halitumiki, mahali ambapo hapapo.

Nilitumwa. Busulwa nilikuta uzio wa minyaa, mawe ya kusagia na makaburi. Nilizunguka vijiji vipya wiki tatu nikiuliza: kuna mtoto anaitwa Epifania? Nikajibiwa hakuna. Mzee Mihayo? Amefariki, mwaka ule ule wa kuhama, na mjane wake amefuata kaka zake kuelekea Geita, hawajui wapi. Niliporudi nikamweleza Bi Euphrasia, tukatazamana. Wote wawili tulikuwa tunasikia kitu kimoja, sauti ya mzee ikikatika: "Anaitwa..."

"Mwambie mama mtoto ukweli," nilisema. "Mwambie anaitwa jina lingine."

"Jina gani? Nitamwambia jina gani, Cornel?"

Akamwambia tunaendelea kumtafuta. Nami nikakaa kimya, kwa sababu ni tarishi, na kwa sababu ni mwoga. Hilo ndilo kosa letu. La penseli lilikuwa lake peke yake, lakini hili la ukimya tulilifanya pamoja.

Anisia hakwenda mbali. Alihamia machimboni, Bulyanhulu, akapikia wachimbaji uji, akisema kule watu hutoka kila upande na huenda akamwona. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alikuja ofisini, akakaa kwenye benchi, akauliza, akajibiwa, akasema haya asanteni. Hakugomba hata mara moja. Laiti angegomba!

Na hapo ndipo Bi Euphrasia alipoanza kuharibika. Alfajiri nikifungua ofisi, faili la Epifania nililikuta juu ya meza. "Nani amelitoa hili?" aliniuliza, na uso wake haukuwa wa mtu anayetania. Nililirudisha kabatini mimi mwenyewe, nikafunga, ufunguo nikampa, na kesho yake lilikuwa mezani tena. Saa kumi jioni, jua likianza kushuka, aliacha kuandika na kuinamisha kichwa upande wa kabati.

"Unamsikia?"

"Simsikii, mama."

Nilisema uongo. Siku mbili tatu nilisikia, au nilidhani nimesikia, mtoto analia mbali, kama yuko nyuma ya ukuta. Sijui. Nilikuwa naondoka haraka nikimwacha humo peke yake, na hilo nalo linanisumbua.

Nyuma ya fomu za zamani alijaza majina: Kabula, Limi, Wande, Nkamba. Aliyasoma polepole, moja moja, akisubiri moyo umwambie ndilo. Mwanamke yeyote aliyeingia na binti, yeye alimhoji mpaka majina ya bibi zake. Mambo ya mizimu aliyoyakataa kwa penseli sasa alikuwa anayaandika kwa wino.

Mwanzoni mwa 1985 Anisia hakuja Jumatatu yake. Nikatumwa Bulyanhulu, nikaonyeshwa kaburi. Homa, walisema, siku nne tu. Sufuria yake ya uji alikuwa ameshaichukua mwanamke mwingine.

Miezi mitano baadaye, saa za mchana, msichana wa miaka kumi na mitano hivi aliingia ofisini, akapiga goti, akasema shikamoo. Aliweka mezani karatasi iliyokunjwa mpaka kuchanika. Ilikuwa barua ya kukabidhiwa, yenye mhuri wetu na namba.

"Mama aliyenilea amefariki," alisema. "Kabla hajafa alinipa hii. Alisema nilitoka hapa, na kwamba mama yangu mzazi alienda kutibiwa."

Bi Euphrasia hakuhitaji kabati. Faili lilikuwa mezani.

"Mbona hamkurudi miaka yote?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Mama aliniambia baba alikataza kabla hajafa. Alisema ofisi hii haitaki kusikia jina langu, na mtu asiyetaka jina la mtoto hamtaki mtoto."

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Minza."

Miaka kumi na mitatu, na lilikuwa jina fupi hivyo. Minza! Ukitembea soko la mji wetu huwezi kukosa akina Minza watano. Nilimwona Bi Euphrasia akilitamka bila sauti. Kisha akamweleza yote, na safari hii hakuficha hata la jogoo. Akamwambia mama yake alipona, akarudi, akamtafuta miaka tisa, na amezikwa Bulyanhulu. Msichana alisikiliza kwa macho makavu kabisa. Akauliza mama alikuwaje.

"Mrefu. Mpole. Mkono wa kushoto vidole viwili vilikuwa vimejikunja, hivi. Alipika uji."

Msichana akautazama mkono wa Bi Euphrasia uliokuwa unaigiza ule mwingine.

"Mama wa uji?" alisema. "Wajomba walikuwa wanachimba kule, nasi tulikuwa tunawachotea maji. Huyo mama alikuwa anawauliza wasichana wote majina. Aliniuliza na mimi."

Bi Euphrasia akavikunjua vidole vyake, na msichana akaendelea.

"Nikamwambia Minza. Akasema haya, kunywa uji, mwanangu. Akaninywesha bure, akaniangalia mpaka nikamaliza. Halafu akamuuliza mwenzangu."

Hapo ndipo alipolia, na Bi Euphrasia akalia naye, nami nikatoka nje nikashika baiskeli yangu bila kujua ninakwenda wapi. Niliporudi walikuwa wamekaa upande mmoja wa meza. Faili lilikuwa wazi, na penseli ilikuwa mkononi mwa Bi Euphrasia, imegusa karatasi pembeni ya neno Epifania. Hakuna herufi iliyotoka. Msichana akaichukua penseli, akaandika mwenyewe.