Mtutu wa Pili

Nakumbuka siku moja, Jumapili baada ya misa, nilipopanda nyuma ya pikipiki ya tonton Bisimwa kwenda kulenga sahani za udongo. Tonton alikuwa mdogo wa mama yangu, mwalimu wa hesabu hapa Bukavu, mwenye bunduki ya mitutu miwili aliyoipenda, mama alisema, kuliko alivyowapenda shemeji zake. Uwanja ulikuwa kilimani, kwenye barabara ya Lwiro. Mashine ndogo ilirusha sahani angani kama njiwa aliyeshtuka, nawe ulikuwa na risasi mbili tu kabla haijatua majanini.

Mwanangu, msichana nilikuwa peke yangu. Aliyetaka kuingia katika kundi la walengaji wa pale alijaribiwa kwanza mbele ya wote. Waungwana wa maofisini wakaulizana, “Huyu mutoto mwanamuke anatafuta nini huku?” Nikaita sahani irushwe, nikapiga, nikakosa. Wakacheka. Aibu ikanishika, nikashusha bunduki, na sahani ikaanguka nzima.

Nilidhani tonton atanipoza. Aliichukua bunduki, akaikunja katikati ikafunguka, akanionyesha kartushi, risasi iliyobaki ndani ya mtutu wa pili.

“Hii nayo unaipeleka wapi?”

“Tonton, nilikuwa nimeisha kosa.”

“Ulikosa mara moja. Sahani ilikuwa ingali juu. Ni nani alikuambia ushushe? Ni wale wenye kucheka?”

Maneno yale yaliniuma kuliko kicheko. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msimu mzima wa mvua nilirudi kilimani kila Jumapili, matope mpaka magotini. Bega langu likawa jeusi kwa kishindo cha bunduki, hata mama, akinipaka mawese, akauliza kwa ukali, “Ni mwanaume gani anakupiga?” Nikamwambia ni bunduki ya ndugu yake. Akasonya, akaendelea kunipaka.

Tonton hakunifundisha kupiga haraka. Alinifundisha kuyaacha macho yakae kwenye sahani hata baada ya kukosa. Hilo, mwanangu, ni gumu kuliko linavyosikika.

Kiangazi nikaomba kujaribiwa tena. Risasi ya kwanza ikapita pembeni, na nyuma yangu nikasikia kicheko kikianza. Lakini shavu langu halikuondoka kwenye bunduki. Nikaifuata sahani ikishuka, nikaitangulia kidogo, nikafyatua. Ikawa vumbi.

Kisha mkuu wa kundi, mzee aliyekuwa amecheka kuliko wote, akakohoa, akaniambia kwa heshima, “Maman, juma ijayo usichelewe. Tunaanzaka saa tatu.”

Siku hizi nawaona vijana wa hapa mtaani kwetu Nyalukemba: mtu akifeli mtihani mmoja, akinyimwa kazi mara moja, anajifungia chumbani. Kuteleza si kuanguka, mwanangu. Usifanye jambo kwa hasira, maana hasira haina shabaha. Lakini pia usikunje mikono eti kwa sababu watu wamekwisha kuamua kwamba umeshindwa. Tazama kwanza kama kazi yenyewe imekwisha. Wewe uliyeambiwa “hapana” juzi, amka, oga, vaa vizuri, ukabishe tena mlango ule ule.

Mungu akutie nguvu, akuzungushie watu wa kukuambia ukweli, na jasho lako likulishe mpaka uzeeni.