Aliyenikataza Kuita Tariki

Sikunywa kitu siku hiyo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila ninaposimulia, na mimi huwajibu: Saudia, hata ungetaka kunywa, ungepata wapi? Wala haikuwa usiku. Watu hupenda visa vya namna hii viwe vya giza totoro, lakini mimi yalinikuta alasiri, jua la nje ya Riyadh likichoma hadi mlango wa lori haushikiki. Akili zangu zilikuwa timamu. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, nisikilize tu hadi mwisho, maana kuna jambo muhimu kuliko mimi kuaminiwa.

Kazi yangu ni udereva. Mwanzo nilikuwa Jeddah, mtaa wa Safa, nikipeleka watoto wa bosi shule na madam sokoni, kisha nikahamia kwa kafili mwingine, yaani bosi mdhamini, mwenye mashamba ya mitende mbali na Riyadh. Huko nilipewa lori la maji, lile wanaloliita wayeti. Gari la zimamoto likiitwa kutoka mjini linaweza kukuta majivu, kwa hiyo wenye mashamba walikubaliana kuanzisha kikosi chao cha kujitolea. Kiongozi wake akawa Wafula, Mkenya mwenzangu wa Bungoma, aliyewahi kufanya kazi hiyo nyumbani.

"Wewe ndio uko na maji," aliniambia. "Sasa utakataaje? Utakaa kwa lori ukituangalia tukiungua?"

Nikajiunga. Nisikudanganye kwamba ni huruma iliyonisukuma. Nilitamani ile ovaroli yenye mistari inayong'aa, na picha nilishamtumia mke wangu kabla hata sijajua kuunganisha mpira wa maji.

Wafula alitufundisha mengi, lakini moja alilikazia: usiingie nyumba ya watu kimyakimya. Kule mwanamume mgeni akitaka kuingia hupaza sauti, "Tariki! Tariki!", yaani nipisheni njia, ili wanawake wajisitiri au waingie vyumbani. Fundi wa bomba huita hivyo, mbeba mizigo huita hivyo, na sisi pia tungeita hivyo, hata nyumba iwe inawaka. Niliona ni adabu nzuri. Hadi leo naona ni adabu nzuri, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Siku hiyo tuliitwa kwenye nyumba ya ghorofa katikati ya mitende. Mtungi wa gesi ulikuwa umelipuka jikoni. Tuliingia getini tukiita tariki kwa adabu zetu zote, tukamkuta madam wa nyumba uani na watoto wake, abaya imejaa vumbi. Akasema wote wametoka. Msichana wake wa kazi, alisema, amempeleka kumsaidia dada yake tangu asubuhi. Basi tukaanza kupambana na moto wa jikoni, huku moshi mweusi ukipanda hadi paani.

Mimi nikazunguka ukuta wa nyuma nikiburuta mpira. Hapo ndipo nilipomkuta.

Alikuwa mama wa makamo, Mwafrika mwenzangu, amevaa dera la zambarau, na mikono yake ina povu la sabuni hadi viwikoni. Utaniuliza kama nilimtazama miguu kuona kwato. Nani ana muda wa kutazama miguu nyumba ikiungua? Nilichoona ni mwanya kwenye meno ya juu. Na jambo moja nililikumbuka baadaye: moshi ulitufunika sote wawili, mimi nikakohoa hadi machozi, yeye hakukohoa hata kidogo.

"Kaka," alisema kwa Kiswahili cha pwani, "Mwende yuko juu, chumba cha kufulia. Mmeita tariki, amejifungia. Msiite tena. Mwiteni kwa jina lake, kwa Kiswahili."

"Dada, toka hapo, utaungua!"

"Mwiteni kwa jina lake," akarudia. Hakuwa na hofu. Alikuwa na uchovu, kama mtu aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi na hakuna anayemsikia.

Nikamkimbilia Wafula. "Kuna msichana juu!"

"Nani amekuambia? Madam si amesema mafi mtu, hakuna mtu huko ndani?"

"Kuna mama hapo nyuma, ameniambia."

Alinitazama vibaya, lakini akavaa barakoa yake, nami yangu. Tukaingia, yeye mbele, mimi nimeshika mshipi wake. Niamini, moshi ulikuwa mzito hivi kwamba sikuona mkono wangu mwenyewe. Tulipofika ngazi ya juu nikamsikia Wafula akianza, "Ta..." Mazoea hayo! Nikamvuta mshipi karibu aanguke, nikapiga kelele mimi: "Mwende! Dada Mwende! Ni sisi Wakenya! Toka hivyo ulivyo!"

Nikaita tena, sauti imeanza kukatika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Ndipo nikasikia komeo likivutwa.

Alitoka akitambaa, kichwa wazi, taulo mdomoni. Tulimteremsha tukiwa tumembeba.

Tulipomlaza chini ya mitende akapata pumzi, alitueleza kwamba dereva alimrudisha mapema kutoka kwa dada yake madam, akaingia kwa mlango wa nyuma kwenda kufua. Aliposikia tariki, alifanya kama alivyofundishwa: akajifungia, akasubiri wanaume waondoke. Nikamuuliza, "Na mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu gani? Niko peke yangu hapa."

Wafula akanivuta kando. "Bro, mimi nilikuona kutoka pembe ya nyumba. Ulikuwa unaongea na ukuta. Nikadhani ni woga tu."

Madam alitaka kujua tunasema nini. Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha Safa: dera la zambarau, povu mikononi. Akaniuliza kama alikuwa na mwanya. Nilipoitikia, alikaa chini mchangani, mbele yetu sisi wanaume wageni, akalia.

Alitueleza kwamba mama yule aliitwa Rehema. Alimlelea madam watoto wote. Siku moja mafundi walikuja kutengeneza tangi la paani, wakaita tariki, Rehema akajifungia chumba cha kufulia. Kifua kikambana humo ndani. Wanaume walikuwa nje ya mlango mchana kutwa, naye hakutoka. Walipoondoka, madam alikwenda kumwita, akamkuta amekwisha kufa.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," madam alisema. "Sikumwambia kwamba akiumwa atoke."

Bado niko kikosini. Sasa tunaita kwa Kiarabu, kwa Kiswahili na kwa kila lugha tunayoijua, na tunasema wazi: tokeni mlivyo. Kila moto huwa natazama ukuta wa nyuma, na sijui kama nataka kumwona au la. Mke wangu anasema usingizini huwa naita watu asiowajua.

Nawe unayemsindikiza binti yako au dada yako kwenda kazi za nje, mwambie hivi kabla hajapanda ndege: moshi ukiingia, au kifua kikibana, sheria zote za nyumba zimekwisha. Afungue mlango, atoke, hata na taulo. Aibu ya kuonwa kichwa wazi hupita. Rehema hakupata mtu wa kumwambia hivyo.