Jiwe la Chumvi la Ng'ombe

Nilipokuwa mtoto kule Kansay, siku moja nilimkuta mama zizini akilamba jiwe la chumvi la ng'ombe. Hakuwa akionja. Alikuwa amepiga magoti kwenye samadi, kichwa chake kando ya kichwa cha ndama, analamba huku amefumba macho. Nilirudi nyuma taratibu asinisikie, nikaenda kujificha kwenye mahindi.

Ngozi yake ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi, hata ufizi. Majirani walisema ni jua la palizi. Lakini ni jua gani linalofika kwenye ufizi? Mistari ya viganja vyake ilikuwa myeusi kama ya mtu aliyeshika masizi, na akisimama ghafla alishika ukuta asianguke. Bibi, mama yake baba, hakutaka kusikia habari za jua. Alisema mama ameitwa na pepo wa chemchemi ya bondeni. Pepo yule kwanza humpaka mtu weusi wake, kisha humtamanisha chumvi, mwisho humchukua.

"Mkimwachia chumvi, hafiki mavuno," alimwambia baba.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na mambo ya pepo hakuyapenda, lakini aliguna tu. Kesho yake jiwe halikuwepo zizini, na chumvi ya jikoni ilihamia chumbani kwa bibi.

Mama akaanza kutapika, akawa hawezi kuamka. Mchana mmoja, wote wakiwa shamba, aliniita kwa sauti ndogo.

"Paskalina, mwanangu, nitafutie chumvi."

Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Niliamini kabisa kwamba nikimpa namkabidhi kwa pepo, na nikimnyima anakufa mbele yangu. Niliogopa mpaka nikajikojolea. Nikaingia chumbani kwa bibi, nikachota chumvi kwa vidole, nikaikoroga kwenye kikombe cha maji. Aliinywa yote. Kisha nikakaa mlangoni nikiuzuia kwa mgongo, nikisubiri pepo aje kumchukua.

Aliyekuja ni baba. Alipomwona, aliazima pikipiki ya jirani akamkimbiza hospitali, Karatu mjini. Daktari alimtazama ufizi, akamfunua viganja, akauliza, "Mama, unatamani sana chumvi?" Baba anasema alishindwa kumtazama mama usoni. Kuna tezi mbili ndogo juu ya figo, na za mama zilikuwa zimekufa, kwa hiyo mwili wake haukuweza kushika chumvi. Ni ugonjwa adimu. Daktari aliomba kupiga picha mikono ile ili awaandikie wenzake, na mama akakubali, mradi sura isionekane.

Nimeisoma ripoti ile ukubwani. Mama ameandikwa kama mwanamke mkulima mwenye hamu kubwa ya chumvi, basi. Bibi hayumo. Kwa miaka mingi nilimkasirikia, sasa siwezi tena, kwa sababu ni yeye peke yake aliyeona kwamba kuna kitu kinamchukua mama. Sisi wengine tulisema ni jua.

Mama yupo. Anameza vidonge vyake kila asubuhi, na anasema lile jiwe hata kulitazama kunamtia kichefuchefu. Mimi ndiye ambaye sijapona. Siku nikijikuta naongeza chumvi kwenye mboga, naacha kula, nasogea dirishani penye mwanga, nafungua viganja vyangu.