Piga Hodi Kabla ya Kuisifu Nyumba

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, na nakusimulia wewe uliyeanza juzi kusomea hisabati hizi zilizonizeesha. Kesho yake nilikuwa nasimama mbele ya wahadhiri kuieleza kazi yangu. Nikikubaliwa, naendelea na masomo. Nikikataliwa, narudi kwa mama, huko Kirumba, ambaye alishawatangazia wauza dagaa wenzake kwamba bintiye anakuwa daktari. Daktari wa nini, hakuna aliyemuuliza, na afadhali, maana hakujua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chukua ngata, ile pete ya kitambaa aliyoiweka mama kichwani chini ya ndoo. Chukua na mpira. Sisi wanahisabati huuliza: ngozi ya ngata yaweza kulazwa juu ya mpira kwa njia zipi, bila kuchana, kwa sheria zetu kali? Kisha njia zote hizo tunazikusanya, tunazitazama kama nchi moja yenye umbo lake. Mimi nilichagua nchi ya njia zinazogusa kila mahali pa mpira mara moja tu. Fomula zilinipa upana wake, nikaandika kwamba ni laini, haina kona. Niliipenda kama mtu na kiwanja chake cha kwanza.

Jioni akaja mwalimu wangu, Mzee Masanja wa Bujora, mgumu wa kucheka lakini aliyenipenda kama mwanawe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaisoma kazi yangu mpaka chai ikapoa.

“Binti, hebu nitajie mkazi mmoja tu wa nchi hii, njia moja tu.”

Nikaichukua ngata ya mama, niliyotoka nayo nyumbani, nikaigeuza geuza. Kama kila mahali panaguswa mara moja tu, basi ngata yenyewe imegeuka mpira. Na lile tundu la katikati limekwenda wapi? Halina pa kwenda. Njia kama hiyo haikuwepo hata moja.

“Umeingia nyumba ya watu bila hodi,” akasema, “ukakaa unasifia vitanda. Ungepiga hodi ungejua hamna mtu.”

Nililia, mwanangu. Nikasema kesho siendi.

“Mficha uchi hazai,” akanijibu taratibu. “Nenda ukawaambie nyumba ni tupu, na sababu ni hilo tundu. Halafu bisha mlango wa pili, wa njia zinazogusa mara mbili. Huko watu wapo.”

Nilikwenda, nikalitaja kosa langu kabla hajalitaja mwingine. Mhadhiri mmoja akacheka. Waliobaki wakataka kujua habari za mlango wa pili, na habari hizo ndizo nilizofundisha mpaka nikastaafu.

Basi kabla hujakisifu kitu, tafuta kwanza mfano wake mmoja. Kuuliza kama kipo si ujinga. Ukikuta hakipo, sema wazi, ueleze kwa nini, usogee mlango unaofuata. Kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele. Ngata ya mama iko hapa Mkolani, juu ya vitabu vyangu. Njoo uichukue, ni yako, maana nakupenda na mimi sina tena wa kumfundisha.

Mungu akujalie, kila utakapopiga hodi, uitikiwe karibu. Na pasipokuwa na mtu, akupe moyo wa kusema hamna mtu.