Naam Niliyoisema Mikono Ikiwa Kiunoni

Mimi ndiye mwenye kosa. Naliandika hili mwanzo ili usije ukasoma huku unanitafutia udhuru. Udhuru nimeutafuta mwenyewe kwa miaka miwili, sikuupata.

Nimemvunja mtu bega kwa neno moja, kisha nikamwachia yeye lawama. Sasa amekufa. Juzi tumemsomea hitma ya arubaini. Nikala wali wa watu, nikanawa mikono, nikarudi nyumbani Kiembe Samaki, nikalia mpaka mke wangu akaogopa.

"Kumbe ulikuwa unampenda hivyo?" akaniuliza.

Nikageukia ukuta.

Nitamwita Vuai. Si jina lake. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa Makunduchi, akifanya kazi ya kutengeneza zile nyumba kongwe za Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa. Mimi natengeneza baiskeli Mlandege. Tulijuana kwenye vyuma.

Usidhani ni jimu ya vioo na viyoyozi. Yetu ilikuwa uwani, nyuma ya duka la fundi cherehani, hapo hapo Mlandege. Vyuma vingi tulivitengeneza wenyewe, makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, na gia za lori bovu. Kitu cha kweli kilikuwa kimoja tu: benchi moja, na chuma kirefu kimoja chenye sahani zake za uzito. Tulikuwa watu kumi na mbili tunaokitaka hicho kimoja, na wakati wetu ni baina ya sala ya Alasiri na adhana ya Magharibi. Adhana ikianza, mwenye uwa, tukimwita Kocha, anafunga mlango. Ambaye hajapata zamu, aje kesho.

Kwa hiyo palikuwa na utaratibu. Ukiingia unavua viatu, unavipanga nyuma ya viatu vya aliyekutangulia. Ule mstari wa viatu ndio zamu. Mtu seti tatu, anampisha mwengine. Na anayesubiri ndiye anayeshika. Yaani yule ambaye zamu yake inafuata husimama kichwani pa aliyelala, amtazame. Aliyelala akichoka humwita mwenzake jina. Mwenzake huitika "naam."

Lakini ilikuwa marufuku kuitika kabla mikono yako haijafika chini ya chuma. Kwengine naam ni kuitikia tu. Pale kwetu naam maana yake: nshakushika, achia.

"Hapa naam haisemwi kwa mdomo, inasemwa kwa viganja," Kocha alikuwa akimwambia kila mgeni. Tulikuwa tunamcheka kwa kulirudia sana.

Vuai ndiye aliyekuwa na nguvu kupita sote. Akilala pale, watu huacha makopo yao wakamtazama. Kwa sababu hiyo walimwachia. Akipiga seti ya nne, hakuna anayesema. Na aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari wa viatu, mara nyingi, ni mimi. Siku mbili mfululizo adhana ilinikuta sijalala kwenye benchi. Siku mbili nimetoka kazini mbio, nimesimama kumshikia mtu, nimerudi kwangu mikono mitupu!

Siku ya tatu nilifika na hasira yangu nimeshaipika.

"Vuai, tatu zimetimia," nikamwambia.

"Moja tu, yakhe, ya kufungia."

"Kafungie kwenu Makunduchi!"

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, kalala vile vile. "Kwetu hakuna chuma, kuna mwani tu. Hebu simama, usininunie kama bibi harusi."

Wakacheka zaidi. Safari hii walinicheka mimi.

Akapiga ya nne. Jua lilikuwa limeshauacha uwa, limebaki juu ya bati la jirani. Nikasema, "Haya, nyanyuka." Akasema, "Ya mwisho, wallahi, kesho nakupa zamu yangu yote." Akaongeza sahani mbili! Mtu akapiga kelele, "Muacheni, leo anavunja rikodi!" Hakuna aliyenitazama. Nikaona kama viatu vyangu pale chini havina mwenyewe.

Nikasimama kichwani pake. Mikono nikaiweka kiunoni.

Akasukuma mara moja. Mara mbili. Ya tatu ikapanda nusu, ikasimama. Mikono yake ikaanza kutetemeka. Akaniita jina langu.

Nilimsikia. Nataka ulijue hilo. Nilimsikia kama unavyomsikia mtu anayekuita sikioni.

Nikasema, "Naam."

Na mikono yangu ikabaki kiunoni!

Nilitaka nini? Nimejiuliza sana. Sikutaka aumie. Nilitaka aonje kidogo, ahangaike nacho kidogo, ajue kuwa kuna mtu anasubiri. Nilihesabu kuwa atakishikilia, na mimi nitakidaka baada ya pumzi moja. Lakini yeye alishasikia naam. Akaachia, kama tulivyofundishwa sote.

Upande wa kulia ulitangulia kushuka. Nilipokidaka chuma, bega lilikuwa limeshateguka. Sauti aliyoitoa siwezi kuiandika.

Walikuja wote mbio. Kocha akaninyooshea kidole. "Umesema naam! Nimekusikia kwa masikio yangu! Mikono ilikuwa wapi?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, nalo kubwa kuliko la kwanza.

"Sikumwitikia yeye," nikasema. "Muuza kahawa ameniita mlangoni. Naam ile ilikuwa yake."

Uongo huu haukunichukua hata muda wa kuupanga. Muuza kahawa hupita pale kila jioni akigonganisha vikombe, na ananijua jina. Nani atabisha? Kila mtu kwetu akiitwa huitika naam. Wakaamini papo hapo.

Na walipoamini, wakamgeukia aliyelala chini.

"Na wewe!" Kocha akamfokea Vuai, aliyekuwa kashika bega lake, jasho linamtoka. "Seti ya tano, zamu si yako, kisha unaachia chuma kwa naam ya mtu mwengine! Mtu mzima husikilizi?"

"Nimekosa, Kocha," Vuai akasema.

Nimekosa! Yeye ndiye aliyesema! Nami nilikuwa nimesimama pale na viganja vikavu.

Hospitali walilirudisha bega mahali pake, lakini kano zilikuwa zimekatika. Mkono ukawa haupandi juu ya kifua. Na fundi mwashi asiyeweza kuinua mkono atapigaje chokaa ukuta wa ghorofa? Wakampa kazi ya kuchekecha mchanga. Baadaye hata hiyo ikaisha, akarudi kwao Makunduchi, akawa anamsaidia mama yake kubeba magunia ya mwani kwa bega moja.

Kule jimu, kisa cha Vuai kikageuka mzaha. Mgeni akija anaambiwa, "Angalia usije ukaachia kwa naam ya muuza kahawa!" Watu wanaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Zaidi ya mara moja nilicheka.

Nilikwenda kumtazama mara moja tu. Nilikuwa nimeazimia kusema. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nikamkuta barazani kwao, anaanika mwani kwa mkono wa kushoto. Akafurahi kuniona, wallahi alifurahi. Akamwita mama yake alete chai.

Tulipobaki wawili akaniuliza, taratibu, wala hakunitazama. "Hivi yakhe, siku ile nani kakuita?"

Mlango ndio huo, umefunguliwa! Ilikuwa ni kusema tu.

"Muuza kahawa," nikasema.

"Muuza kahawa," akarudia. Akageuza mwani upande wa pili. "Haya. Na kibaiskeli chako kinakwendaje?"

Tukazungumza habari za baiskeli. Nikanywa chai, nikaaga. Nikajiambia nitarudi baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, nikasema baada ya Idi kubwa. Ikapita na hiyo. Kisha asubuhi moja Kocha akanipigia simu. Vuai amefariki. Homa ya siku nne, basi. Haikuhusiana na bega, wamesema hivyo, na mimi nimeshikilia hapo kwa sababu sina pengine pa kushika.

Tulikwenda jimu nzima kumzika. Jeneza kwetu hubebwa kwa kupokezana, kila mtu anataka kupata fungu lake la thawabu, kwa hiyo unabeba hatua chache, unampisha mwenzako. Aliyekuwa mbele yangu akageuka, akaniita jina langu ili nimpokee.

Sikuweza kuitika. Niliweka bega kwanza, nikashika mti wa jeneza kwa mikono miwili, nikauhisi uzito wote umeniingia. Akaondoka. Neno halikunitoka. Nilikwenda na Vuai mbele kuliko zamu yangu, watu wananigusa mgongoni niwapishe, na mimi sitaki kuachia.

Kaburini imamu akasema, kama inavyosemwa kwa kila maiti, "Jamaa, ambaye marehemu alimkosea, amsamehe."

"Tumemsamehe," watu wakajibu. Kocha alijibu kwa sauti kubwa na machozi yanamtoka.

Mimi naombwa nimsamehe Vuai! Hakuna mahali kwenye mazishi ambapo huulizwa aliyemkosea maiti. Nilisubiri kuulizwa. Wakaanza kufukia.

Siku ya tatu nilirudi Makunduchi peke yangu. Nikamkuta mama yake kakaa mkekani na wanawake wawili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Nikaomba kusema naye faragha. Wale wanawake wakanyanyuka.

Nikamwambia yote. Seti ya tano, mikono kiunoni, muuza kahawa. Sikupunguza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Wala hakushtuka. Hilo ndilo lililoniogopesha.

"Mwanangu alinieleza," akasema. "Mtu aliyelala chali humuona aliyesimama juu yake. Alikuona. Mikono kiunoni."

Nikasema, "Aliniona? Sasa mama, mbona aliachia?"

"Na mimi nilimuuliza hivyo hivyo. Akanambia, mama, mikono niliiona, lakini na naam niliisikia. Nikaamini naam."

Nikainama.

"Ulipokuja hapa alikuuliza ili useme," akaendelea, kwa sauti ile ile ya upole. "Ulipoondoka akanambia, leo hakuwa tayari, atakuja tena. Kila gari likisimama pale njiani alikuwa akichungulia."

Nikamwomba msamaha. Nililia, nikamshika miguu. Akaitoa mikono yangu.

"Langu nimekusamehe, maana wewe pia ni mtoto wa mtu. Lake sina ruhusa nalo. Hakuniachia."

Hayo ndiyo maneno aliyonipa, na ndiyo ninayoamka nayo.

Kesho yake nilikwenda jimu. Nikangoja wamejaa wote, nikavipanga viatu vyangu kwenye mstari kama desturi, kisha nikasema mbele yao. Hapakuwa na aliyecheka. Mmoja alinitukana, haki yake. Kocha hakunitukana wala hakunigusa. Nadhani alikuwa anayakumbuka yale aliyomfokea Vuai. Kisha akainama, akaviokota viatu vyangu, akavitoa nje, akaviweka chini taratibu. Akarudi akasema, "Anayefuata."

Nikatoka, nikavaa viatu vyangu njiani.

Siku hizi mke wangu akiniita nyumbani siitiki. Nanyanyuka nikaenda alipo. Anadhani nimekuwa kiziwi, na watoto wananitania. Sijamwambia bado. Atasoma hapa, na akisoma atanijua.

Nyinyi mnaonyanyua vyuma jioni, benchi moja watu kumi, nawaombeni. Mwenzio akizidisha, mwambie usoni, mgombane, mfukuzane, uondoke ukalale na hasira yako. Lakini ukikubali kusimama kichwani pake, simama kweli. Chuma kile ni chepesi kuliko jeneza. Mimi nimevibeba vyote viwili, najua. Na kama umeshamkosea mtu na bado yuko hai, usingoje Ramadhani wala Idi. Nenda leo! Huenda hivi sasa yupo barazani, kila gari likisimama anachungulia.

Vuai, ndugu yangu, uliniita nikasema naam. Mikono ndiyo hii sasa. Imechelewa.