Mguu wa Kushoto Mbele

Binamu yangu alipokuwa anaolewa na mwanamume niliyedhani ni wangu, mama yake alikuja mwenyewe kwetu Naro Moru kunialika. Ni mama mdogo, tumbo moja na mama yangu. Aliketi jikoni, akamaliza chai, ndipo akasema neno lililomleta.

"Watu wanasema ati hutakuja. Si wewe umeokoka? Kuja usimame na hao wasichana tutafunika leso, watu waone huna maneno na mtu."

Nikamwambia nitakuja. Wokovu wangu haukuwamo katika jibu hilo hata kidogo.

Mwanamume mwenyewe alikuwa mkulima wa viazi kutoka Endarasha. Tulikuwa tumepanga kila kitu: ataleta wazee kwetu baada ya kuvuna, tutajenga karibu na barabara, nami nitafungua duka la mbegu. Kwa ajili yake niliacha nafasi niliyopata katika chuo cha uuguzi. Aliniambia ningoje kwanza, nikangoja. Tena ni mimi niliyempeleka Kiganjo kwa mama mdogo ili wamjue. Wakamjua kabisa.

Mama yangu alikuwa na dawa moja ya mambo yote. "Mungu akikugeuza njia, geuka," alikuwa akiniambia huku anachambua maharagwe. "Yeye ndiye anaona kona iko mbele." Maneno hayo niliyachukia. Nigeuke niende wapi, na aliyenifungia njia anapimwa suti Nyeri mjini? Lakini niliomba, tena kwa bidii kuliko wakati mwingine wowote. Niliomba aaibike mbele ya watu. Sikuomba afe, maana maiti haoni haya.

Kwetu, siku ya ngurario, ile harusi ya kimila, wasichana hufunikwa leso kuanzia kichwani hadi vifundoni, wakapangwa mstari, na bwana harusi akaambiwa amtoe wake. Akikosea anatozwa mbuzi, na kicheko chake humfuata mpaka uzeeni. Ndiyo maana maharusi wengi huiba mtihani: hupatana ishara mapema.

Tulikuwa tunavalishwa katika chumba cha mama mdogo, sote sandali za ngozi za aina moja. Nilikuwa nimeinama nyuma ya pazia nikifunga zangu nilipomsikia binamu akimnong'oneza rafiki yake.

"Nimemwambia aangalie tu miguu. Nitaweka ya kushoto mbele."

Nilimshukuru Mungu papo hapo, nikiwa bado nimeinama. Niliona amenijibu.

Walinipanga mwanzoni mwa mstari, binamu karibu na mwisho. Leso ilinuka upya wa dukani. Nilisikia akina mama wakiimba, kisha viatu vya mwanamume vikija polepole juu ya nyasi. Nikasogeza mguu wa kushoto mbele. Viatu vikasimama, na mkono ukaingia chini ya leso ukashika wangu.

Hapo pana jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Kwenye kidole changu cha shahada nina kovu refu la panga. Nilijikata nikikata nyasi za ng'ombe, na ni yeye aliyenifunga kwa leso yake ya mfukoni, akaniapia kwamba angeujua mkono huu hata gizani. Sasa kidole gumba chake kilipita juu ya kovu lile, kikaendelea. Hakikusita hata kidogo.

"Huyu ndiye wangu," akasema, na alikuwa na hakika.

Akanivuta mpaka katikati, akanifunua. Sitasahau uso ule. Wageni waliangua kicheko, wazee wakaanza kudai mbuzi wao, na mama mdogo akatafuta kiti. Nilimtazama bwana harusi machoni mpaka yeye akainamisha kichwa. Watu wangependa niseme niliona huruma. Nilifurahi, na nikikumbuka leo bado nafurahi.

Ila nilipofika nyumbani si kicheko nilichokuwa nikikifikiria, ni kile kidole gumba. Nilikuwa nimetaka kuzeeka na mtu asiyeujua mkono wangu. Hasira yangu yote miezi ile ilikuwa ya kunyimwa kitu hicho. Nilikaa jikoni nikalia, na safari hii sikumlilia yeye.

Mama hakuniuliza ya harusi. Alikuwa ameshapigiwa simu. Aliniwekea chakula tu.

"Chuo bado watanichukua?" nikamuuliza.

"Utajua ukienda," akasema.

Nikaenda. Siku hizi ni muuguzi Nanyuki, na kutwa nashika mikono ya watu kutafuta mshipa. Huwa natazama makovu yao pia, nikauliza waliyapata wapi.

Kanisani husema Mungu hasikilizi maombi ya kisasi. Yangu aliyasikiliza, kisha akanionyesha kona aliyonikatisha. Kila nikisali namshukuru kwa yote mawili, na huwa naanza na mbuzi.